Kahawa ya Bofu: nilivyohubiri nyumba kwa nyumba Likoni, Krismasi moja kabla ya uhuru

Wakuu, salamu kwenu nyote, mliokula na mnaosubiri kula.

Kila Desemba naona humu mnabishana kuhusu wale vijana wa shati jeupe na tai wanaotembea wawili wawili wakibisha hodi kwa watu. Mmoja anasema wanasumbua, mwingine anaapa ni majasusi.

Nimenyamaza miaka. Leo nasema, kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wao, kabla baba za wengi wenu hawajazaliwa.

Mahali hadithi inaponisifu, tieni shaka. Mahali inaponiaibisha, aminini tu, hapo sijaongeza chumvi.

Nina miaka themanini na ushee na naandika kwa kidole kimoja. Anayetaka kusema "fupisha mzee" uzi wa mpira uko pale juu.

Ilikuwa kama miaka miwili hivi kabla ya uhuru. Misheni yenyewe siitaji. Ilikuwa ndogo, ya ng'ambo, na imeshakufa zamani, kwa hiyo msinitafutie kesi uzeeni.

Kazi ilikuwa hivi. Kijana unatolewa kwenu, unapewa mwenzako, mnapelekwa mahali msipojulikana, mnahubiri mlango kwa mlango miaka miwili. Mimi nilitolewa upande wa Kaloleni. Mwenzangu alikuwa Zakayo, kijana wa Taita, mrefu, hacheki.

Tulipelekwa Likoni, mtaa wa Bofu. Yaani watu waliosoma Kurani tangu babu wa babu yao, wakaletewa sisi, vijana wa miaka ishirini, tuwafundishe kuwa kuna Mungu.

Kanuni zilikuwa nyingi. Mbili ndizo zinazohusu uzi huu.

Kwanza, ninyi wawili hamtengani. Zakayo akienda kisimani, nami nipo. Nikienda msalani, Zakayo yuko nje anasoma Zaburi.

Ya pili, hakuna tembo la mnazi, hakuna tumbaku, hakuna chai, hakuna kahawa. Tembo nilielewa, ingawa kumkataza Mgiriama kama mimi tembo ni kazi ambayo hata malaika wangeomba msaidizi. Lakini kahawa? Pwani?

Nikavumilia, kwa sababu mwisho wa miaka miwili kulikuwa na cheti. Kwa cheti hicho unakuwa mwalimu wa shule ya misheni kwenu. Bila cheti, unarudi kukata mkonge kama kaka zangu watatu. Baba yangu alishatangaza kanisa zima kwamba mwanawe ni mwalimu. Bado nilikuwa sijafundisha hata kuku.

Basi tukaanza kazi.

Hodi. Karibu. Shikamoo. Marahaba wanangu, ndooni mukae. Mkeka unatandikwa. Mnaulizwa habari za nyumbani, za wazee, za mvua. Kisha linatoka dele, lile birika la shaba, la kahawa tungu isiyo sukari, na vile vikombe vidogo visivyo na mkono.

Hapo sisi wawili tunaweka mikono kifuani kama tumefunzwa gwaride: "Asante, hatunywi. Dini yetu inakataza."

Mwenyeji anatazama kikombe, anatutazama sisi. Kisha anakumbuka ana shughuli nyuma ya nyumba.

Miezi kumi na moja, wakuu. Miezi kumi na moja hatukupata hata paka wa kutusikiliza. Zakayo alisema mioyo yao ni migumu kama ya Farao. Mimi nikakubali, maana ni raha kujua kwamba kosa ni la Farao.

Mwanzoni mwa Desemba akaja Bwana Misheni, mzungu wetu mkubwa, kutoka mjini kisiwani. Akatazama kijumba chetu cha ibada cha makuti, akapangusa vumbi kwenye benchi kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Siku ya Krismasi nitahubiri hapa mwenyewe," akasema. "Nikikuta mabenchi matupu, nitajua hamkufanya kazi. Na asiyefanya kazi hapewi cheti."

Akapanda gari lake akaenda zake. Siku hizi mnaita target. Sisi tuliita kuharisha.

Jioni ile nilikaa barazani kwa Bi Mwanakombo, mama mwenye nyumba tuliyopanga. Alikuwa mjane wa makamo, maneno machache lakini yakitoka yanafika. Zakayo naye alikuwepo, kanuni ni kanuni. Nikamwambia Bi Mwanakombo shida yangu, kwamba watu wa Bofu hawapendi neno la Mungu.

Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mwanangu, nyinyi watoto mna adabu, lakini mwatutukana."

"Tumewatukana lini, mama?"

"Kila siku! Mtu akupa kahawa waikataa, wamwambia nini? Wamwambia umeitia kitu. Mtaa mzima wasema nyinyi mwatuona wachawi. Mimi nawaletea birika la chai kila asubuhi, mwalirudisha limejaa. Nimenyamaza tu, nasema ni watoto wa watu."

Nikamweleza upya kwamba ni dini.

"Pombe nafahamu," akasema. "Nguruwe nafahamu sana. Kahawa? Wallahi, uongo huo hata mtoto haukubali."

Wakuu, nilihisi kama nimemwagiwa maji. Miezi kumi na moja nimepita mlango kwa mlango nikiwaambia watu wazima, usoni, kwamba nahofia wataniua. Kwa tabasamu. Nikiwa na tai.

Kesho yake alasiri nikaenda kwenye baraza ya Mzee Shee, pale wazee walipokutana kubishana kuhusu Mwambao, kama pwani ijitenge au la, na nani atashika nchi Mwingereza akiondoka. Kikombe kikaletwa. Zakayo akaweka mkono kifuani.

Mimi nikapokea. Nikanywa.

Kwanza niliona uchungu. Halafu tangawizi. Halafu nikaona wazee wanane wananitazama kama mtu aliyefufuka.

"Alhamdulillahi," akasema Mzee Shee. "Kumbe huyu naye ni mtu."

Nikaongezwa cha pili. Siku ile waliniuliza jina langu kwa mara ya kwanza.

Tulipofika mlangoni Zakayo akanigeukia. "Sitakusemea," akasema. "Lakini nikiulizwa, sitadanganya." Mjue kuwa na mwenzako mwaminifu ni neema. Mimi ile neema ilininyima usingizi.

Nikawa nakunywa kila siku. Zakayo anakaa pembeni, mikono magotini, kama daktari anayesubiri mgonjwa afe. Wazee wakaanza kumtazama vibaya, ikabidi niwaambie ana vidonda vya tumbo. Wakamhurumia sana. Kila siku Mzee Shee anamuuliza, "Tumbo laonaje?" na Zakayo, asiyedanganya, anatazama chini.

Siku chache kabla ya Krismasi nikajipa moyo nikawaalika.

"Kubatizwa hatubatizwi, mwanangu, tusidanganyane," akasema Mzee Shee. "Lakini jirani akikualika siku yake, huendwa. Tutakuja, inshallah."

Na wakaja!

Wakaja na kanzu zilizopigwa pasi na kofia za vito zilizodariziwa kwa mkono. Wanawake na mabuibui yao wakajaa upande wa dirisha. Mabenchi yakajaa, wengine wakasimama. Bwana Misheni aliposhuka garini alisimama pale mlangoni mdomo wazi. Nikaona macho yake yana machozi, wakuu, machozi ya kweli, na mimi nikayaona machozi yale nikaona cheti.

Akahubiri saa nzima na dakika. Kila alipotaja jina la Yesu, Mzee Shee na wenzake wakamsalia kwa heshima, kama wanavyofanya wakitajiwa mtume yeyote. Bwana Misheni akadhani wanaokoka. Akazidi kumtaja.

Sasa sikieni kosa langu. Mimi niliandaa maji na biskuti. Nilisahau kwamba watu hawa hawaendi sikukuu ya jirani mikono mitupu.

Mahubiri yalipokwisha, Bi Mwanakombo akaingia na sinia la halua. Nyuma yake Mzee Shee, mwenyewe, kashika dele.

Kikombe cha kwanza ni cha mgeni wa heshima. Akamnyooshea Bwana Misheni.

"Asante, mimi sinywi," akasema. Hakuna aliyeshangaa, mzungu ni mzungu.

Mzee Shee akacheka, akageuka kwangu na kikombe kile kile. "Basi chukua wewe, kijana wetu. Wewe ndiye mnywaji wetu."

Bwana Misheni akageuza shingo. Taratibu.

Wakuu, nimeifikiria dakika ile miaka sitini. Mbele yangu mzee mwenye mvi, mkono umenyooka, anatabasamu, mtaa wake wote unatazama. Kando yangu mzungu mwenye cheti. Nyuma yangu baba yangu na kaka zangu na mkonge wao, ingawa hawakuwepo.

Nikaweka mkono kifuani.

"Asante, mzee," nikasema. "Mimi sinywi kahawa."

Jogoo hakuwika, maana ilikuwa karibu adhuhuri.

Uso wa Mzee Shee sitauelezea. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alibaki na kikombe hewani, akikitazama, kama mtu aliyeambiwa mbele ya wajukuu wake kwamba ni mwongo na hakumbuki alidanganya nini. Dirishani wanawake wakavuta mabuibui yao usoni. Bwana Misheni akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Ndipo mkono mrefu ukapita mbele yangu ukachukua kile kikombe.

Zakayo.

"Mwanangu," Mzee Shee akamwambia kwa sauti ya chini, "na tumbo je?"

"Limepona, mzee."

Akanywa. Akarudisha kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu, akaomba kingine. Akanywa cha pili. Akanywa cha tatu, akasema kahawa ni nzuri, Mungu awabariki. Uso ulimkunjamana, maana hakuwa ameionja maishani mwake.

Watu wakaanza kupumua. Mtu akachukua halua. Mazungumzo yakarudi, na mimi nilisimama pale katikati hakuna anayenigusa.

Bwana Misheni alimwita Zakayo nje. Hakumuuliza habari zangu, alikuwa ameshaona alichoona. Kwa kuwa hakuulizwa, Zakayo hakusema. Siku ile ile akafutwa. Miezi kumi na moja bila doa, halafu vikombe vitatu.

Aliporudi chumbani kufungua tai nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia, "Kwa nini umefanya vile? Hukuwa wewe uliyenyooshewa kikombe."

Akasema, "Mzee alikuwa amesimama na kikombe mkononi." Basi. Hiyo ndiyo theolojia yote niliyofundishwa Likoni.

Zakayo hakurudi Taita. Mpwa wa Mzee Shee alimtafutia kibarua cha kufunga kamba kwenye feri, na Bi Mwanakombo akamwachia chumba. Niliyehamishwa ni mimi, eti nimefanya kazi nzuri mno, nikamalizie Changamwe.

Asubuhi ya kuondoka nilitoka na sanduku langu. Bofu mgeni akiondoka husindikizwa. Nilipopita baraza ya Mzee Shee, wazee waliitikia salamu yangu, kila mmoja, kwa heshima zote. Hakuna aliyenyanyuka.

Bi Mwanakombo peke yake ndiye aliyenifuata hadi njia ya Timbwani. Akanipa mahamri aliyoyafunga kwenye karatasi, bado ya moto. Nikashukuru, nikashindwa hata kumtazama.

"Kula, mwanangu," akaniambia. "Usiogope. Hayana kitu."

Hakusema kwa kejeli. Wallahi angesema kwa kejeli ningejua pa kuiweka. Alisema kama unavyomtuliza mtoto.

Niliyala yote juu ya feri, nimesimama, mbele za watu, nalia kama mjinga. Mtu mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Cheti nilipata. Nilikuwa mwalimu maisha yangu yote, baba alifurahi mpaka kaburini. Kuanzia miaka ile hadi nilipostaafu, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuomba kukiona.

Bofu sikurudi. Msiniulize kwa nini, toka kwangu hadi Likoni ni safari ya asubuhi moja na nauli ninayo.

Funzo? Nyinyi vijana mnapenda funzo. Mimi nililopata ni kwamba niliwaambia watu miezi kumi na moja kwamba nawaogopa, nikajifunza kutowaogopa wiki tatu, halafu nikawaogopa tena pale pale palipohitajika nisiwaogope. Kanuni sikuivunja kwa ujasiri wala sikuitunza kwa uaminifu. Zakayo aliitunza, na alipoivunja aliivunja kwa ajili ya mtu mwingine.

Haya, uwanja ni wenu. Wale wa Bofu mliomo humu, kama mna babu aliyewahi kusimulia habari za Mtaita mrefu wa kamba za feri, niambieni alizikwa wapi. Na wewe uliyewahi kumkana mtu mbele ya bosi wako, andika hapa chini. Sitakucheka, sina haki hiyo.