Somo la Kurudi Lililomleta Ndovu

Wanafunzi walinikuta chini ya dawati, mimi mgeni wa heshima niliyealikwa kuwatia moyo.

Ni darasa la Kiingereza la watu wazima, huko Rukanga, na wengi wao wanatafuta kazi kwenye hoteli za mbugani. Siku hiyo walikuwa wanajifunza namna ya kusema kurudi. Mwalimu, ambaye haamini ubao peke yake, alimtuma mama mmoja hadi kwenye tangi la maji uani, kisha akatuambia tumwite.

“Come back!” tukapaza sauti sote.

Mama akaanza kuja akicheka. Nyuma ya tangi akatokea ndovu.

Hapo ndipo nilipozama chini ya dawati. Nimezunguka nchi nyingi, na kote nimeonyesha kipaji hicho hicho. Mama alisikia pumzi nyuma yake, akageuka kumkabili, kwa sababu watu wa huko wanajua ndovu hapewi mgongo. Akaja kinyumenyume, polepole, ameibana leso kifuani. Ndovu alikuwa ametanua masikio.

“Njoo, mama,” mwalimu alinong’ona mlangoni. “Bado kidogo. Kuna kizingiti, inua mguu.”

Akamshika leso, akamvuta ndani. Ndovu akabaki uani, akipapasa mfereji wa tangi kwa mkonga.

Nikitaka kuokoa heshima yangu, nikauliza kutoka huko chini, “Mwalimu, na ndovu akirudi alikotoka, tunasemaje kwa Kiingereza?”

Mama ndiye aliyenijibu.

“Mzee, wacha arudi kwanza.”