Tovuti ya Shangazi Isiyoonekana

Shangazi yangu alikuwa na nyumba ya wageni nje kidogo ya mji wa Nyeri, na mwishoni mwa miaka ya tisini alitaka wageni wanaokuja kupanda mlima waipate kwenye intaneti. Binamu yangu aliyekuwa akisoma ng'ambo akamtengenezea tovuti. Ukiandika anwani yake herufi kwa herufi, ilifunguka. Lakini ukiuliza mitambo ya kutafuta kuhusu malazi karibu na Mlima Kenya, uliletewa hoteli za Nanyuki na hata wauza mahema wa Ulaya. Ya shangazi, hakuna.

Kazi ya kuifanya ionekane iliniangukia mimi. Nilikuwa nikipiga chapa katika ofisi ndogo mjini iliyokuwa na kompyuta na laini ya simu, na kwa kuwa nilijua kutuma barua pepe, ukoo mzima uliniona mtaalamu.

Kila mtambo ulikuwa na ukurasa wa kuandikisha tovuti mpya. Unajaza anwani na maelezo, unabonyeza, unasubiri. Mvua ikinyesha, simu ilijaa mikwaruzo na kukatika nikiwa nimebakiza kubonyeza tu. Narudia. Nikifaulu, naambiwa asante, tutaipitia. Wiki zinapita, natafuta, hakuna.

Shangazi alipitia ofisini kila siku ya soko.

"Imetokea?"

"Bado, tata," nilijibu, kama tunavyomwita shangazi kwa Kikikuyu.

"Ati bado? Na hiyo ya Nanyuki ilitokea aje? Iko na nini yangu haina?"

Niligeukia kompyuta, nikaandikisha upya.

Siku moja, kwa kuchoshwa na mwendo wa kobe wa ile laini, niliiweka kompyuta isionyeshe picha ili kurasa zifunguke haraka. Nikafungua ya shangazi. Ukurasa mweupe, bila hata neno. Ndipo nikaelewa. Binamu alikuwa amechukua tangazo la zamani lililochorwa kwa mkono na marehemu mume wa shangazi, akaliweka lote kama picha moja. Maneno yote yalikuwa ndani ya mchoro, na mitambo ile ilisoma herufi zilizochapwa tu.

Nilipomweleza shangazi, alinuna.

"Sasa unataka kutoa kazi ya mume wangu?"

"Sitoi, tata. Naongeza maneno chini yake."

"Kwani maneno hayako hapo? Kila mtu anasoma. Ni mashine yako haijui kusoma."

Nilitamani kung'oa ile kompyuta niitupe barabarani. Tulibishana mpaka mteja aliyekuja kupigiwa chapa barua akaondoka zake. Mwishowe shangazi alikubali, kwa sharti kwamba maneno yawe yale yale ya mumewe, nisiongeze langu hata moja. Nikayaandika, nikamtumia binamu. Binamu alikuwa kwenye mitihani, akakaa kimya hadi nikaanza kumchukia. Alipoyaweka hatimaye, nikaanza upya kuandikisha na kusubiri.

Halafu ikatokea! Nilimpigia shangazi simu, akaja mbio. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Akainama, akasoma polepole, uso ukabadilika. Juu ya maelezo, mahali pa jina, paliandikwa kwa Kiingereza kwamba ukurasa huu hauna jina.

"Nyumba yangu haina jina?"

Binamu alikuwa amesahau kujaza kichwa cha ukurasa. Nilifunika uso kwa mikono, na shangazi, aliyekuwa amenikaripia miezi yote ile, akanipigapiga mgongoni.

"Basi, basi. Mwambie arekebishe."

Jina lilisahihishwa, tukasubiri tena. Barua pepe ya kwanza ilitoka kwa mwalimu mmoja wa mbali aliyeuliza kama mlima unaonekana kutoka barazani. Nilimsomea shangazi, nikaweka vidole tayari kuandika jibu.

"Mwambie unaonekana asubuhi na mapema," alisema, "mawingu yakikubali. Usimdanganye."