Mume Wangu Hewani

Mimi nina wivu, na sioni aibu kusema. Wenzangu wanauficha, wangu uko usoni, na mume wangu anaujua tangu tukiwa wachumba.

Kazi yangu ni kujaza mafuta ndege ndogo kwenye uwanja usio na mnara wa kuongozea ndege. Hakuna mtu wa kumwambia rubani shuka au subiri. Kila rubani anajitangaza mwenyewe redioni, wote wakisikia: anataja uwanja, anataja ndege yake, anasema yuko wapi na anataka kufanya nini, kisha anataja uwanja tena ili wa uwanja mwingine asichanganyikiwe. Wakiwa wawili, wanaelewana wenyewe nani atangulie. Na mimi nina redio ya mkononi, inaning'inia msumarini kwenye stoo ya mapipa, nisikie nani anakuja niandae pampu.

Sasa, mume wangu ni rubani. Nyumbani ana mdomo mzito huyo! Ukimuuliza, "Baba Mapacha, unakwenda wapi?" atakujibu, "Natoka." Kutoka hata paka anatoka. Lakini mpandishe hewani umsikie. "Niko maili tano kaskazini, nateremka." Hujakaa sawa: "Sasa nageuka kushoto." Mara tena: "Nimeiona njia, natua." Miaka kumi na moja ya ndoa, hajawahi kuniambia mimi kwamba anageuka.

Na anamwambia nani? Bi Bluu. Ndivyo nilivyombatiza rubani wa ile ndege ya bluu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kubembelezea mtoto alale. "Nakuona," anasema. "Tangulia, mimi niko nyuma yako." Naye bwana mkubwa: "Asante. Nikitoka njiani nitakwambia." Nitakwambia! Mimi niliyemzalia mapacha nilikuwa naambiwa nini? Roho iliniuma mpaka nikawa namwaga mafuta nje ya pipa.

Nikamkabili. Akacheka. "Mama Mapacha, ile ni kazi. Tusiposema tutagongana."

"Basi na humu ndani tutagongana," nikamwambia. Akachukua kofia yake, akatoka.

Fundi wa ndege, mzee wa utani, hakuniacha. "Shemeji, pole. Mwenzio mwenye mume wa ardhini anamvizia kwenye kona. Wewe utamvizia wapi, mawinguni?" Nikamnunia siku mbili. Ila nikaapa kwamba yule mwanamke hatalisikia neno langu. Akija kujaza mafuta akinisalimia, namwitikia kwa kichwa, nasoma mita, nampa karatasi asaini, basi.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, jua limeinama. Nilishamaliza kumjazia Bi Bluu, ameiendesha ndege yake hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Nikamsikia redioni: "Nataka kuingia njiani, niruke kuelekea magharibi. Kama kuna aliye karibu, aseme." Kimya. Nikainua macho, nikaiona ndege nyeupe ya mume wangu inashuka nyuma yake, iko chini kabisa, na redio haitoi kitu. Yeye wa kutangaza hadi kugeuka, leo hajatangaza lolote. Nikaelewa redio yake imekufa, hasikii wala hasikiki. Jua linampiga machoni. Bi Bluu naye hana macho kisogoni. Aliyewaona wote wawili ni mimi peke yangu, na redio nimeishika.

Nikanyamaza.

Si muda mrefu. Hesabu moja, mbili, tatu. Sikumwombea mtu kifo, Mungu ananijua. Nilifikiri tu: haya, leo na wewe onja, kumngoja mtu aseme, asiseme.

Ya nne, ndege ya bluu ikaanza kusogea. Nikabonyeza. Nikataja jina la uwanja kama nilivyowasikia wao miaka yote. "Ndege ya bluu, simama. Usiingie njiani. Ndege nyeupe iko nyuma yako inatua, haina redio." Nikataja uwanja tena.

Akafunga breki, gurudumu la mbele limeshagusa mstari. Mume wangu akapita mbele ya pua yake, akatua, na nyasi za pembeni zikalala kwa upepo wake.

Bi Bluu alikuja stoo, akanikumbatia. "Dada yangu, ulituona na hapo hapo ukasema." Fundi naye kila anayefika anamsimulia: "Shemeji huyu hakusita hata kidogo." Mimi nasoma mita.

Na mume wangu amebadilika. Siku hizi hatoki bila taarifa kamili. "Mama Mapacha, naenda kwa kinyozi, halafu nitapitia kwa dada, saa kumi na moja niko hapa." Akifika mlangoni: "Nimerudi." Nilichokililia miaka kumi na moja ndicho hicho. Wivu haujaisha, nisikudanganye. Bi Bluu akisema "nakuona," bado namwaga mafuta nje ya pipa.

Juzi tulikuwa mezani, watoto wamekwisha kula. Akaacha kijiko, akaniangalia. "Siku ile ulipotuona wote wawili," akasema, "kabla hujabonyeza, uliwaza nini?"

Nikamwambia, "Kula, chakula kinapoa."