Chai ya Maji ya Mto

Nakumbuka asubuhi moja kule Maparoni, mwanangu, chai ilivyomshinda mume wangu mbele ya mama yake. Nacheka mpaka leo.

Nilikuwa nimeolewa karibuni tu. Ilikuwa miaka ile ya biashara huria, sukari imerudi madukani, na wanunuzi kutoka Dar wanagombania mpunga Kibiti. Mume wangu Selemani alikuwa na hamu ya baiskeli, basi hakutaka kusikia habari ya kungoja. Miche yetu ya mpunga ilikuwa tayari kitaluni, na mbegu nyingine hatukuwa nayo. Ikifa hiyo, tumekwisha.

Kule delta, mto unapomwagikia baharini, bahari ikijaa huingia mtoni. Mto ukiwa na nguvu huirudisha. Ukidhoofu, chumvi hupanda mpaka mashambani. Ndiyo maana wanawake huonja maji kabla ya kupandikiza. Mwaka ule mvua zilikatika, jua kali ajabu. Mama mkwe akaonja, akatema, akasema tungoje.

"Mama, mwezi wa kupanda ndio huu," Selemani akalalamika. "Kila mwaka twapanda sasa hivi."

Mama alichota maji yale yale, akachemsha chai, akatia sukari ya kutosha. "Kunywa, baba."

Selemani akapiga funda moja, macho yakamtoka. Aliitema, kuku wakatawanyika!

"Wewe na sukari yote hiyo imekushinda," mama akamwambia. "Mche utaiweza chumvi hii?"

Tukangoja. Niliogopa, nisikufiche, kila nikiitazama miche roho iko juu. Mvua ilikuja imechelewa, maji yakarudi kuwa matamu, tukapandikiza. Mavuno yalikuwa haba na baiskeli hatukuiona, lakini tulikula, na mbegu ikabaki.

Mwanangu, ukame ulikuwepo tangu enzi za babu zetu. Huu wa siku hizi unazidi kwa sababu watu tumeipasha dunia joto, kwa moshi wa viwanda na magari na kwa kufyeka misitu. Udongo unakauka upesi, mto unadhoofu. Usikubali kuambiwa ni laana. Basi usipande kwa mazoea, onja maji kwanza. Mikoko iache isimame, ikinge mashamba na mawimbi. Na kwenye mkutano wowote sema wazi kwamba wenye moshi mwingi waupunguze, maana chumvi yao tunainywa sisi.

Mungu akupe mto wenye nguvu, mwanangu, na chai yako aitie utamu mpaka uzeeni.