Matairi Aliyoyachagua Profesa

Madereva wenzake walimwita Profesa, na yeye hakulikataa jina hilo hata siku moja. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na nusu ya umri huo ilikuwa imekwisha nyuma ya usukani. Miaka kumi na mmoja ya mwisho alikuwa akiendesha gari la kliniki ya macho, gari refu jeupe la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Ndani yake walipanda daktari na muuguzi, pamoja na masanduku ya dawa na mashine moja ya upasuaji iliyofungwa mikanda kama mtoto anayeogopewa kuanguka. Karibu kila wiki gari hilo lilikwenda kwenye vituo vya mbali, ambako watu wenye mtoto wa jicho walikuwa wamewekewa siku yao na wanasubiri.

Asubuhi ambazo hakuna safari, madereva wa mjini walikaa kwenye benchi la kituo cha mafuta, na hapo ndipo Profesa alipotoa mihadhara yake. Gari likinywa mafuta kupita kiasi, aulizwe yeye. Gia ikilia, aitwe yeye asikilize. Mara nyingi alikuwa sahihi. Pale asipojua, alikuwa na namna yake ya kukohoa kidogo, kutikisa kichwa na kusema hilo lina mambo mengi, na watu wakaridhika kwamba wamejibiwa.

Matairi ya gari la kliniki yalipoanza kuota upara, daktari alimwambia achague mapya matano, manne ya kufunga na moja la akiba. Daktari huyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye heshima, aliyemwita mzee wangu. Mambo ya gari hakuyajua, na hakujitia kuyajua. Alimwachia yeye.

Kabla ya kwenda dukani, Profesa alipita kwa fundi wa matairi, mwenye kibanda cha mabati mkabala na kituo cha mafuta. Fundi alikuwa mtu mfupi, wa makamo kama yeye, na sauti yake ilikuwa ya chini hata ukalazimika kumsogelea ili umsikie. Kwa miaka tisa yeye ndiye aliyeziba pancha zote za kliniki. Profesa hakwenda kuuliza ushauri, alikwenda kutangaza kwamba ananunua matairi mapya. Lakini fundi, akiwa ameinamia beseni la maji akitafuta tundu kwenye tyubu, alimpa ushauri vilevile.

Alimwambia njia zao nusu ni lami na nusu ni changarawe na mawe, matope ni miezi miwili tu kwa mwaka, kwa hiyo achukue matairi ya njia zote, si yale ya matope yenye meno makubwa. Ubavu uwe mgumu, kwa sababu mawe ya kule hukata ubavuni. Kisha, bila kuinua kichwa, akaongeza, "Na uangalie namba."

Profesa hakujua ni namba zipi. Ubavu wa tairi umejaa namba. Za ukubwa alizijua kama namba ya simu ya mkewe, na za uzito alizijua kidogo. Lakini fundi alivyolitamka neno lile, ilikuwa wazi kwamba anasema namba nyingine, ambayo dereva yeyote mzima anatakiwa kuijua. Na pale palikuwa na madereva wawili wamesimama, wanangoja kazi zao. Profesa akakohoa.

"Namba mimi nimeanza kuziangalia wewe hujui hata jeki inashikwa wapi," alisema.

Wale wawili wakacheka. Fundi naye akatabasamu, akarudi kwenye beseni lake.

Dukani, muuzaji alimpokea kama aliyekuwa akimngojea wiki nzima. Alimwonyesha kwanza matairi ya njia zote, yaliyoingia karibuni, meno ya wastani, rangi nyeusi ya kawaida, hayana cha kumfanya mtu ageuke kuyatazama. Profesa aliyagonga kwa kiatu na kusema hayo ni ya kwendea harusini. Ndipo muuzaji akamchukua hadi pembeni kabisa ya stoo, akafunua turubai. Pale chini palikuwa na matairi matano yenye meno kama matofali, na maandishi makubwa meupe ubavuni. Akasema haya hawauziwi watu wa hivi hivi, haya yanamtaka mtu anayejua gari. Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na Profesa akapakika.

Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye ubavu wa tairi, upande mmoja na wa pili, polepole, midomo ikichezacheza kama anayesoma. Hakuna alichokuwa anasoma. Aliyataka yale matairi kwa sababu alikwishajiona akiingia nayo kituo cha mafuta. Mafundi wa duka wakayafunga palepale, maandishi meupe yakatazama nje.

Kwenye benchi yalipokelewa vizuri sana. Kwenye lami yalivuma kama mashine ya kusaga, hata daktari na muuguzi wakaacha kuzungumza safarini. Profesa aliwaambia kwa sauti ya juu kwamba huo ni mlio wa nguvu.

Safari ya tisa, wiki ya kumi tangu yafungwe, waliondoka alfajiri kwenda kituo cha mbali kuliko vyote. Watu arobaini na mmoja walikuwa wameandikishwa upasuaji wa siku hiyo. Saa tatu asubuhi, kwenye barabara ya mawe, tairi la nyuma kushoto lilipasuka. Profesa alishuka, akafunga la akiba, akatania kwamba gari nalo lilitaka kupumzika. Hawakwenda mbali. Wakati wa kuteremka mlima, tairi la mbele kulia nalo likaachia, gamba lake lote likabanduka na kupiga bati la gari kwa kishindo. Gari liliyumba mara mbili na kusimama kwenye mtaro. Muuguzi aligonga paji la uso kwenye kioo, likavimba. Mkanda wa mashine ulikatika, na mashine ikalala ubavu juu ya masanduku.

Daktari aliikagua mashine kwanza, akamkagua muuguzi, halafu akaja kusimama karibu na tairi.

"Mzee wangu, imekuwaje?" aliuliza. "Matairi haya si mapya?"

Profesa alikuwa amepiga magoti anatazama. Katikati ya yale meno makubwa aliona mipasuko midogo midogo, mingi, kama kisigino kikavu kisichopakwa mafuta. Hakujua maana yake barabara, lakini alijua kwamba tairi jipya halina sura hiyo. Na kabla hajafikiri, mdomo wake ukajibu.

"Ni upepo, Daktari. Yule fundi wetu juzi aliyajaza kupita kiasi. Siku hizi hayuko makini."

Juzi ni kweli fundi alikuwa ameyapima upepo. Alikuwa ameyapima kwa kipimo chake, akatangaza kiwango, na Profesa mwenyewe akakubali kwamba ni sawasawa.

Lori liliwachukua mchana, likalala njiani, na kituoni walifika kesho yake saa sita. Mashine ilifanya kazi, lakini kati ya watu arobaini na mmoja walibaki kumi na wawili. Wengine walikuwa wamesubiri mpaka asubuhi hiyo, wakakata tamaa, wakarejea makwao. Mmoja wao alikuwa mshonaji wa nguo, mama ambaye jicho moja lilikwishakufa, na la pili ndilo lililobaki la kutungia uzi. Alikuwa ameletwa na dada yake, na usafiri wa kuwarudisha ulikuwa ule mmoja wa asubuhi. Muuguzi alilisoma jina lake mara tatu, hakuna aliyeitika. Profesa alikuwa amesimama mlangoni na kisanduku cha dawa mkononi, akasikia mara zote tatu.

Bado angeweza kusema. Aliporudi mjini akakuta benchi linamngoja, wameshasikia kwamba gari la kliniki lilivutwa, na hapo akaona afe na tai shingoni. Aliwaeleza habari ya upepo, akatia na chumvi. Alisema fundi siku hizi macho hayaoni vizuri, kipimo chake kimechakaa, mtu anaweza kuua watu. Wiki ile ile daktari akahamishia kazi za kliniki kwenye karakana nyingine. Basi la shule likafuata, kisha magari mawili ya ofisi ya maji, kisha lori la kiwanda cha mbao. Kibanda cha mabati kikawa kimya. Profesa alianza kuegesha upande wa pili wa kituo cha mafuta, ambako hakuonekani kibanda.

Baada ya mwezi mmoja hivi, fundi alikuja kliniki na mkokoteni. Aliomba yale matairi yaliyopasuka, kuna mfugaji anayakata kutengenezea vihori vya kunyweshea ng'ombe. Daktari akampeleka kwa Profesa, ampatie. Yalikuwa nyuma ya jengo, chini ya bomba la maji. Wakaenda wawili.

Fundi alilaza tairi la kwanza, upande wenye maandishi meupe chini. Akachovya kitambaa bombani, akafuta upande wa juu, ule uliokuwa ndani gari likitembea, wala hauonekani hata ukipima upepo. Kidole chake kikasimama kwenye kijisanduku kidogo chenye tarakimu nne.

"Mbili za mwanzo ni wiki. Mbili za mwisho ni mwaka," alisema. "Hili limetengenezwa mwaka ambao binti yako alianza darasa la kwanza. Sasa yuko wapi?"

"Yuko sekondari," Profesa alijibu.

"Raba huzeeka hata ikiwa imekaa tu dukani." Alipitisha kidole kwenye mipasuko. "Nilikuambia uangalie namba."

"Uliniambia."

"Mbona hukuniuliza ni zipi?"

Profesa alifungua mdomo, akakohoa, na safari hii kikohozi hakikufuatwa na neno lolote. Alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na matairi yake. Fundi, bila hasira, akasema kwa sauti yake ile ya chini kwamba hata yeye hakuzaliwa anazijua, aliuliza mtu. Akapakia matairi kwenye mkokoteni, akaondoka kupitia lango la mbele, mbele ya dirisha la daktari, na hakusimama kusema neno.

Hilo ndilo lililomtesa Profesa. Kama fundi angepiga kelele, angemjibu. Kama angemsemea kwa daktari, yangekwisha. Kila asubuhi alikwenda kazini akitegemea kuitwa, na kila asubuhi daktari alimwamkia shikamoo mzee wangu kama kawaida, na ile shikamoo ikamwingia mwilini kama mwiba. Mkewe alimuuliza kama anaumwa. Alisema ni mgongo. Mkewe akamsugua mgongo kwa dawa jioni tatu mfululizo, na Profesa akalala kifudifudi, akijiona mwizi hata wa hiyo dawa.

Siku ya nne aligonga mlango wa daktari. Alimkuta anapanga miwani kwenye droo. Alikataa kiti, akasema yote akiwa amesimama, kuanzia kwenye beseni la maji mpaka kwenye benchi, akitazama droo badala ya uso wake. Daktari hakumkatiza. Alipomaliza, daktari akaifunga droo.

"Kutojua ningekusamehe siku ile ile pale mtaroni," alisema. "Lakini mwenzako umemnyang'anya kazi yake, na mimi umenifanya nikusaidie. Barua yako ya onyo nitaiandika. Kule ulikomsema, nenda ukajiseme mwenyewe. Sitamtuma mtu."

Alikwenda kesho yake, saa mbili asubuhi, benchi limejaa. Alikuwa amepanga maneno mazuri ya kuanzia, yote yakamkimbia. Alisema tu kwamba upepo ulikuwa sawa, matairi yalikuwa ya zamani, yeye ndiye aliyeyachagua kwa kuuza sura, na namba hakuzijua mpaka fundi alipomwonyesha. Wa kwanza kucheka alikuwa dereva wa basi la shule, na wengine wakamfuata. Kisha kicheko kikafa, maana baadhi yao walikumbuka kwamba nao waliondoa kazi zao kwa neno lake. Mmoja alimuuliza hizo namba zinakaa wapi. Aliwaonyesha, ameinama chini ya lori la mtu, suruali magotini imelowa mafuta.

Basi la shule lilirudi kwa fundi wiki hiyo, na magari ya ofisi ya maji baadaye. Lori la kiwanda cha mbao halikurudi, lilikwishazoea kwingine. Mshonaji alipangiwa siku nyingine, akaja na dada yake, akafanyiwa upasuaji. Profesa ndiye aliyemshika mkono kumpandisha ngazi. Mama yule alimshukuru kwa upole wake, akamwombea dua, naye hakupata pa kuweka macho.

Kliniki ilipopata tena fungu la matairi, daktari aliwatuma wote wawili dukani. Fundi aliuliza uzito wa mizigo yao, akapima nafasi kati ya tairi na bati, akakataa ukubwa uliozidi hata kidogo. Alibonyeza ubavu kwa dole gumba, akasoma zile tarakimu nne kwa kila tairi, na akachagua ya njia zote, meno ya wastani, meusi tupu. Profesa alibeba karatasi za malipo. Njiani kurudi gari lilikuwa kimya kiasi kwamba angeweza kuomba msamaha bila kuinua sauti, na aliomba. Fundi alisema amesikia.

Tangu hapo Profesa huuliza. Huuliza kiwango cha upepo, huuliza siku ya kuzungusha matairi ya mbele na ya nyuma, huuliza hata anachodhani anakijua, mbele ya watu. Fundi humjibu kila anachouliza, tena vizuri. Ila hamwongezei neno zaidi ya alichouliza.