Duka la Mikate la Flagey

Jirani yangu Yadira, Mkuba mwenye shahada ya ufamasia, huosha vyombo mkahawani Flagey, mtaa wa Brussels. Mreno mwenye duka la mikate alipostaafu, Yadira alikwenda kuomba alipange yeye. Alichelewa: Wareno hukabidhiana maduka kwenye chakula cha Jumapili, kabla tangazo halijabandikwa, na mpwa wa mzee alikwisha kupewa funguo.

"Una ndugu gani hapa wa kukudhamini, mama?" mzee aliuliza.

"Wakuba wote wa mtaa huu wanaenea kwenye lifti moja, mzee, tena mbovu."

Mzee alicheka, akampa mkate. Yadira aliukataa.

Sasa kila asubuhi hupita njia ya mbali kwenda kazini, asimwone yule mpwa na mabinamu zake wakipaka duka rangi. Nami, msomi mwenzake nisiye na mjomba Brussels, huipita naye, kwa wivu uleule.