Siku Nilipopasha Moto Fimbo ya Papa Paluku

Nikiwaeleza jambo hili nasikia masikio yanawaka hata leo, na kama si ninyi kuning'ang'ania tangu tulipokaa hapa ningelinyamazia mpaka nizeeke, maana kuna aibu ambayo mtu anaisimulia akicheka na kuna nyingine ambayo anaicheka ili wengine wasimwone uso, na hii yangu sijui hata niiweke wapi.

Kazi yangu mnaijua. Pale uwanja wa gofu, hapa kwetu Lubumbashi, nilianza kwa kubeba mifuko ya fimbo za watu, leo nafundisha wanaoanza mchezo, na wanachama wananiita Prof, jina ambalo sikulisomea popote ila nalipenda kuliko ninavyostahili. Mtu akinunua fimbo mpya haipigi kabla hajaniletea: Prof, angalia. Basi naangalia, nashika, napiga, nasema, nao wanasikiliza. Kiburi kilianzia hapo. Halafu nina ugonjwa mwingine wa zamani, mikono yangu haijui kutulia. Mlango ukilia lazima niung'oe bawaba, redio ikikoroma lazima niifungue, na bibi yangu wa ndoa, Mama Nathalie, ana kikapu kizima cha vitu nilivyovitengeneza mpaka vikafa kabisa (pasi ziko mbili humo, na saa ya marehemu baba yake).

Sasa Papa Paluku. Huyu ni mfanyabiashara wa jumla, mtu wa Butembo, shemasi kanisani kwake, anauza mabati na rangi, na anaongea polepole kama anasoma barua ya mtu mwingine. Mwanachama mmoja alikuwa amemshawishi alete fimbo za gofu kutoka Afrika Kusini, naye akaleta kumi na mbili, za aina moja, zile tunazoziita bois ya tatu, fimbo ndefu ya kupigia mbali mpira ukiwa umelala kwenye majani (zamani kichwa chake kilikuwa mti kweli, ndiyo maana ya hilo jina, siku hizi ni chuma chenye uwazi ndani). Gari lililozibeba lililala kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani, zaidi ya wiki, na yeye mwenyewe alikaa kulekule na watu wa forodha mpaka sanduku likapita. Hakuwahi kucheza gofu hata siku moja. Siku ya Jumatatu akaniletea fimbo moja imefungwa kwa karatasi.

"Prof," akaniambia, "minaacha hii kwako. Upige nayo, uione vizuri. Siku ya Posho utasema mbele ya bantu yote kama iko muzuri ao iko mubaya. Kama iko mubaya, sema iko mubaya. Mi sipendi kuuzisha bantu uongo."

Hivyo ndivyo alivyosema (Posho kwetu ni Jumamosi), na mimi nikampa mkono.

Jumanne na Jumatano mvua ya Januari iliniachia nafasi asubuhi, nikaipiga. Jamani, fimbo ile ilikuwa nzuri. Ukiiweka nyuma ya mpira na kuitazama kutoka juu, kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyotegemea, cheusi, mgongo wake umeinama taratibu kama wa kobe, hakuna michoro ya kukusumbua macho, jicho linajua lenyewe pa kwenda. Mkononi ilikuwa nyepesi juu na nzito kidogo chini, ukiizungusha unajua kichwa kiko wapi wakati wote. Ukipata mpira katikati husikii kitu mikononi, unasikia tu mlio mfupi, mkavu, na mpira unapanda kama umeitwa. Kutoka majani mafupi ulifika kwenye mkaratusi wa pili kati ya ile iliyopangwa kando ya uwanja, mahali ambapo fimbo yangu ya zamani hainifikishi. Kutoka majani marefu yaliyolowa bado ilichimba ikautoa. Nilipokosea makusudi, nikapigia pembeni, mpira ulikwenda kushoto kidogo, lakini haukupotea. Nikaandika yote kwenye daftari. Kazi ilikuwa imekwisha, ningeirudisha Jumatano ileile nikalala.

Lakini nilipokuwa naifuta maji nikaitikisa, na ndani ya kichwa kikalia kitu. Tik. Nikatikisa tena. Tik tik, kama punje ya mahindi ndani ya kopo.

Najua ni nini, nimeziona nyingi. Tone la gundi la kiwandani limekauka, limebanduka, linatembea ndani. Halidhuru kitu, haliharibu mpira, na ukiwa uwanjani na upepo hulisikii kabisa. Mimi nililisikia. Nilikula bukari, ugali wetu, nikilisikia, nikaongea na watu nikilisikia, nikaenda kuitoa fimbo nyuma ya kabati mara nne kuhakikisha kama bado linalia, na kila mara lilikuwa linalia. Nikaanza kufikiri, siku ya Posho itapita mkono kwa mkono, mmoja ataitikisa, atasema Prof hakusikia hii? Sikumfikiria Papa Paluku, nilijifikiria mwenyewe, niwe mkweli.

Alhamisi mchana Mama Nathalie alikuwa ameweka maharagi kwenye mbabula uani, jiko letu la makaa, moto umewaka vizuri, na mimi nikaja na fimbo, na kitambaa kilicholowa nimekizungushia kichwani pake ili rangi isiungue.

"Uko nafanya nini?" akauliza.

"Nataka tu kupasha hapa kwenye shingo, gundi ilegee, nitoe kichwa, nimwage kile kinacholia, nirudishe. Dakika kumi."

"Iko ya nani?"

"Ya Papa Paluku."

Akaweka mwiko chini. "Baba Nathalie, kintu ya bantu, hapana kuiguza." Halafu akasogeza sufuria yake, kwa sababu miaka kumi na tisa ya ndoa imemfundisha lini kuongea na lini kuokoa maharagi.

Nikapasha, nikavuta, kichwa kikatoka, nikakigeuza, na kikaanguka kitonge kidogo cha njano ukubwa wa dengu. Sijui niwaelezeje furaha ile. Nikakitikisa kichwa sikioni: kimya. Shida ikaja kwenye kurudisha. Gundi inayofaa ni ile ya kuchanganya sehemu mbili, inayotakiwa kulala siku nzima, na kichupa changu kilikuwa kimekauka. Kwenda mjini kutafuta nyingine mvua ilikuwa imeanza kumwagika, na mikono, nimeshawaambia, haitulii. Fundi viatu wa jirani alikuwa na gundi yake. Nikaazima. Nikapaka, nikabana, nikavuta kwa nguvu zangu zote, haikutoka. Ijumaa nikavuta tena, haikutoka. Nikajiambia, basi, ni fimbo ileile, tena bora.

Siku ya Posho mvua haikunya, na wanachama kama thelathini walikaa kwenye baraza. Papa Paluku alikuja na suti ya kanisani, amepanga zile nyingine kumi na moja kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Nikaongea, nikaongea vizuri, nikawaonyesha umbo, nikaeleza uzito, nikawapitishia washike, na kila aliyeishika aliitikisa (nilijua wangeitikisa) na haikulia, na mimi nikajivuna moyoni kama mpumbavu. Nikapiga mpira wa kwanza, ukapanda. Wa pili, ukapanda zaidi. Watu wakapiga makofi, wengine wakaanza kumwambia Papa Paluku awaandike majina, naye akatoa kalamu, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu mpaka meno.

Halafu Président wetu akasimama. Ni daktari mstaafu, mtu mkubwa wa mwili, anayepiga mpira kama anakata kuni. "Lete na mimi nione."

Ningeweza kusema ngoja. Nilimpa.

Akasimama, akainua, akashusha, fimbo ikala ardhi kabla ya mpira, na nikasikia mlio ambao haukuwa wa kichwa wala wa mpira. Kitu cheusi kikaruka chini chini, kikapita juu ya majani, kikaingia kwenye bwawa lililo mbele ya baraza, plumu. Mpira ulibaki palepale ulipokuwa. Président alibaki ameshika mti mtupu wa fimbo mikononi kama mchunga mbuzi, akiangalia ncha yake.

Kwanza kicheko cha baraza nzima, halafu sauti moja nyuma ikasema kwa utulivu, "Ni faux. Bameleta ma-faux." Na lile neno, bandia, likatembea. Wa kwanza akamwambia Papa Paluku afute jina lake, akafuata wa pili.

Papa Paluku akanigeukia. "Prof, weye ulipiga nayo siku nyingi. Baambie."

Hapo jamani. Watu wote wananitazama, na kilichonitoka kinywani ni hiki: "Pengine gundi ya kiwandani ilikuwa na kasoro."

Injenia Kalenga, anayefanya kazi kwenye karakana ya mgodi mmoja na hana haraka na kitu chochote, alichukua ule mti kwa Président, akatazama ncha, akainusa. "Mais hii ni gundi ya viatu," akasema. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anashangaa tu. "Papa Paluku, kule banatengeneza fimbo na gundi ya viatu?"

Wakacheka tena, na safari hii walimcheka Papa Paluku. Yeye hajui gofu, hajui gundi, alichojua ni kwamba alikuwa amekaa Kasumbalesa wiki nzima kwa ajili ya sanduku lile na sasa watu wazima wanamwita mwongo siku ambayo amevaa suti yake ya kanisani. Akaanza kuzirudisha. Kila moja aliifuta kwanza kwa kitambaa, polepole, mahali watu walipoishika, ndipo akailaza ndani ya sanduku, na hakuna aliyekwenda kumsaidia. Nilihesabu moja, mbili, tatu. Nikajiambia akifika ya nne nitasema. Akafika ya nne. Nikajiambia labda nimfuate nyumbani, nimweleze sisi wawili, ingekuwa heshima zaidi. Ya tano. Miguu yangu ilikuwa inakwenda na kurudi pale barazani kama ya mtu anayetafuta choo, mikono naiingiza mfukoni naitoa. Ya sita akaiangusha kidogo, akainama kuiokota, akaipulizia majani.

"Ni mimi," nikasema.

Hawakusikia, ikabidi nirudie kwa sauti. Nikawaambia yote, kile kilicholia, mbabula, kitambaa, fundi viatu, mvua. Nilipomaliza Président akauliza, kwa sauti ya daktari anayeandika maelezo ya mgonjwa, "Ulipasha fimbo ya muntu ku mbabula?"

"Ndiyo, Président."

"Mwenye ilikuwa na chakula?"

"Na maharagi, Président."

"Na maharagi iliiva?"

Hapo baraza ilianguka. Watu walilia machozi, Injenia Kalenga alikaa chini kwenye majani. Papa Paluku peke yake hakucheka. Alisema bila hasira, "Prof, ungeniambia tu jana, ningekuletea ingine." Maneno hayo tu. Kisha akatoa fimbo moja sandukuni, akaenda nayo kwa Président. "Piga hii. Hii Prof hayaiguza bado."

Président akapiga, akala ardhi vilevile, na mpira ukapanda hata hivyo, ukapita mkaratusi wa kwanza.

Mngedhani ningekaa kimya sasa. Sikuweza. Niliona lazima nirudishe kitu, chochote, nikasema nakwenda kukitoa kile kichwa. Wakaniambia acha, Prof, acha. Nikaingia bwawani na suruali yangu nyeupe, hatua ya kwanza tope hadi magotini, ya tatu hadi mapajani, nikapapasa nikaokota mipira ya zamani zaidi ya kumi, kichwa hakuna, na nilipotaka kugeuka mguu haukutoka. Nikasimama katikati ya maji nikiwa na mipira mikononi, wanachama wamejipanga ukingoni. Injenia Kalenga alinyoosha ule mti usio na kichwa, nikaushika, wakanivuta watu watatu, kiatu kimoja kikabaki kule mpaka leo.

Fimbo za Papa Paluku ziliisha zote siku hiyohiyo. Alikataa nimlipe ile iliyoharibika. Bado tunasalimiana, bado ananiletea fimbo mpya nizipime, ila sasa anakuja nazo mwenyewe, anasimama kando yangu na mikono nyuma, na nikimaliza anazichukua palepale, hata kama sijamaliza sentensi. Na pale mjini mtu akitaka kusifu bidhaa yake, simu au pikipiki, anasema hii Prof hayaiguza bado. Nimezoea.

Wananicheka kwa tope na kwa maharagi, na mimi nawaacha, maana ni bora hivyo. Hawajui kwamba usiku kinachonijia si bwawa. Nakumbuka nikiwa nimesimama barazani naye anafuta fimbo moja, ya pili, ya tatu, mpaka sita, na mimi najua ukweli peke yangu na nahesabu. Tangu siku ile nimeapa, kama mikono yangu imeharibu kitu cha mtu, kinywa changu kisingoje hata kuhesabu moja. Kuhusu mikono yenyewe sijaapa chochote, kwa sababu Jumapili iliyopita nilifungua redio ya jirani.